JINA LANGU NANI?
Safari ndefu ya majina ya Wamarekani

Mwacha mila ni mtumwa. Hayo ni maneno ya wazee wetu, na hakuna asiyeyajua. Lakini je, yule aliyefanywa mtumwa kwanza, kisha akavuliwa mila yake kwa nguvu, naye tumwite nani?

Usiku wa tarehe 6 Februari 1967, katika mji wa Houston, jimbo la Texas, mabondia wawili walikutana ulingoni kuwania ubingwa wa dunia wa uzani wa juu. Mmoja wao, kila alipomtwanga mwenzake makonde, alimwuliza swali lile lile kwa sauti kubwa: “Jina langu nani?”

Mwulizaji alikuwa Muhammad Ali. Mwulizwaji alikuwa Ernie Terrell, ambaye kabla ya siku hiyo alikuwa amekataa katakata kumwita kwa jina hilo, akashikilia lile la zamani, Cassius Clay. Raundi zote 15 zilipigwa mpaka mwisho. Ali akatangazwa mshindi kwa pointi, na Terrell akashuka ulingoni uso umemvimba.

Wengi walisema hicho ni kiburi tu cha bondia aliyelewa sifa. Lakini mwenye kuifahamu historia ya majina huko Marekani atakubali kwamba swali hilo lilikuwa limengoja karne tatu kuulizwa hadharani.

Kwetu hapa, mtoto akizaliwa jina lake mara nyingi humngoja mlangoni. Huyu ataitwa babu yake mzaa baba, yule atachukua jina la nyanya, mwingine ataitwa kwa saa aliyozaliwa, au kwa mvua, au kwa njaa iliyokuwako mwaka huo. Mgeni akikuuliza u nani, ukimtajia jina umekwisha kumwambia nusu ya habari za ukoo wako. Marekani ni taifa lililojengwa na watu waliotoka kila pembe ya dunia, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo. Kwa hiyo swali la jina huko limekuwa na maana nyingine: ni nani aliye na haki ya kukupa jina?

WACHA MUNGU WA MELI YA MAYFLOWER

Hebu tuanze na wale waliokwenda kwa hiari. Mwaka 1620 meli iitwayo Mayflower ilivuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza ikiwa na watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kuabudu Mungu kwa namna waliyoipenda. Majina ya watoto waliokuwamo yalikuwa kama hotuba. Kulikuwa na ndugu wawili, mmoja akiitwa Love, yaani Upendo, na mwingine Wrestling, yaani Mweleka. Kulikuwa na msichana Remember, maana yake Kumbuka. Mtoto aliyezaliwa baharini aliitwa Oceanus kwa sababu ya bahari, na mwingine aliyezaliwa meli ikiwa imetia nanga akapewa jina la Peregrine, maana yake msafiri.

Hayo hayatofautiani sana na majina yetu ya safari, shida na furaha. Watu hao walichukua majina katika Biblia pia, na polepole wakaanza kumpa mtoto jina la ukoo wa mama liwe jina lake la kwanza. Mhubiri mashuhuri wa Boston, Cotton Mather, aliyezaliwa mwaka 1663, alipata jina la Cotton kutoka kwa babu yake mzaa mama, John Cotton.

Jina la katikati ambalo leo Wamarekani wengi wanalo lilikuja baadaye. Marais watano wa kwanza, tangu George Washington hadi James Monroe, hawakuwa nalo. Wa kwanza kuwa nalo alikuwa John Quincy Adams, rais wa sita. Na kuna kichekesho cha Rais Harry S. Truman. Ile S haikuwa kifupi cha neno lolote. Babu yake mmoja aliitwa Anderson Shipp Truman na wa pili Solomon Young. Wazazi wakaandika S peke yake, kila mzee akaridhika kwamba mjukuu ni wake! Wazee wengi wa hapa nchini, ambako ugomvi wa kumwita mtoto jina huweza kuvunja nyumba, wangewapongeza wazazi hao kwa hekima yao.

ALIYEPEWA JINA LA MELI

Sasa tuwatazame waliokwenda kwa minyororo.

Mwaka 1761 msichana wa Kiafrika, wa umri wa kama miaka saba, alishushwa katika bandari ya Boston na kuuzwa. Meli iliyomleta iliitwa Phillis. Aliyemnunua aliitwa Wheatley. Basi mtoto huyo akaitwa Phillis Wheatley: jina la kwanza la chombo kilichomteka, na la pili la mtu aliyemnunua. Mwaka 1773 alichapisha kitabu cha mashairi kilichomfanya ajulikane Marekani na Uingereza, na mpaka leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa ushairi wa Wamarekani Weusi. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote.

Olaudah Equiano, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alitekwa katika nchi ya Waigbo akiwa mtoto, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1789 jinsi alivyobadilishwa majina kama nguo. Katika meli moja aliitwa Michael, huko Virginia akaitwa Jacob, kisha nahodha aliyemnunua akaamua aitwe Gustavus Vassa, jina la mfalme wa Sweden. Alipokataa, alipigwa makofi mpaka akaitika.

Mabwana wengi walipenda kuwapa watumwa majina ya watu wakuu wa Roma ya kale, kama vile Caesar, Pompey na Cato. Ilikuwa dhihaka. Mtu asiyekuwa na haki hata ya kumiliki kiatu anaitwa kwa jina la mtawala wa dunia.

Hata hivyo si kila kitu kilichopotea. Waakan wa nchi ambayo leo ni Ghana humwita mtoto kwa siku aliyozaliwa. Wa Jumatatu ni Kojo, wa Jumatano ni Kwaku, wa Ijumaa ni Kofi. Katika madaftari ya watumwa wa Marekani majina hayo yapo, ila yameandikwa kama yalivyosikika katika sikio la Mzungu: Cudjo, Quaco, Cuffee. Kwa msichana wa Ijumaa, jina la Afua likawa Phibba, na baadaye wengine wakaligeuza Phoebe.

Mmoja wa watoto wa Kofi alikuwa Paul Cuffe, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1759. Baba yake alikuwa mtumwa wa ukoo wa Slocum, naye akaitwa Kofi Slocum. Paul alipopata akili za utu uzima aliliacha jina la Slocum, akalifanya lile la baba yake, la Ijumaa, kuwa jina la ukoo. Akawa nahodha na tajiri wa meli, na katika safari ya mwaka 1815 hadi 1816 aliwachukua Weusi 38 kutoka Marekani mpaka Sierra Leone kwa meli yake mwenyewe.

MAJINA YALIYOFICHWA

Kisa cha William Wells Brown kinaonyesha vizuri zaidi uzito wa jambo hili. Alizaliwa mtumwa huko Kentucky na mama yake akamwita William. Baadaye mpwa wa bwana wake, aliyekuwa pia akiitwa William, alikuja kukaa katika nyumba ile. Nyumba moja haingeweza kuwa na William wawili, mmoja bwana na mwingine mtumwa. Mtoto Mweusi akaamriwa aitwe Sandford. Alipotoroka mwaka 1834, jambo mojawapo la kwanza alilofanya lilikuwa kulirudisha jina lake. Akaongeza Wells Brown kwa heshima ya mzee aliyempa hifadhi njiani. Mtu huyo akaja kuwa mwandishi wa riwaya na michezo ya kuigiza.

Frederick Douglass, mpiganiaji mkubwa wa uhuru wa Weusi, alizaliwa mwaka 1818 akiitwa Frederick Bailey. Alipotoroka mwaka 1838 alijiita Johnson ili asikamatwe. Alipofika New Bedford akakuta akina Johnson wamejaa mji mzima, na mwenyeji wake, ambaye naye alikuwa Johnson, akamchagulia Douglass kutoka katika utenzi wa Walter Scott. Douglass akakubali, lakini kwa sharti moja: jina la Frederick halibadilishwi. Hilo lilikuwa kamba ya mwisho iliyomfunga na nafsi yake.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watumwa wa kawaida, wale ambao hawakuandika vitabu, hawakuwa na majina ya ukoo mpaka siku ya uhuru. Mwaka 1976 mwanahistoria Herbert Gutman alichapisha kitabu kikubwa juu ya jamaa za Weusi na kuonyesha kwamba sivyo. Watumwa wengi walikuwa na majina ya ukoo waliyoyatumia wao kwa wao, bwana asijue au asijali. Tena waliwaita watoto majina ya baba zao na babu zao. Kwa nini hasa ya baba? Kwa sababu baba ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kuuzwa mbali. Akiuzwa, jina lake hubaki nyumbani.

Serikali yenyewe haikuyataka majina hayo. Katika hesabu za watu za mwaka 1850 na 1860, watumwa waliandikwa chini ya jina la mwenye mali kwa umri, jinsia na rangi peke yake, bila jina. Hesabu ya kwanza kuwaandika wote kwa majina ni ile ya mwaka 1870. Ndiyo maana hata leo Mmarekani Mweusi anayetafuta asili yake hufika mwaka huo na kukuta kama ukuta umejengwa mbele yake.

Utumwa ulifutwa katika katiba mwezi Desemba 1865. Siku zile mtoto mmoja aitwaye Booker aliingia darasani huko West Virginia. Mwalimu alipoita majina, Booker alisikia kila mtoto ana majina mawili, mengine matatu. Yeye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika alijibu bila kusita: Booker Washington. Ndivyo alivyoanza Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee.

Hakuwa peke yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2000, Wamarekani wenye jina la ukoo la Washington walikuwa zaidi ya 163,000, na tisa katika kila kumi walikuwa Weusi. Jina la rais wa kwanza, aliyekuwa mwenyewe bwana wa watumwa, limekuwa jina la wajukuu wa watumwa.

Wengine walibaki na jina la bwana wa zamani, na sababu yake inatia uchungu. Baada ya vita magazeti ya Weusi yalijaa matangazo ya mama wanaotafuta watoto, na ndugu wanaotafutana. Watu hao hawakuwa na picha wala anwani. Walichokuwa nacho ni majina. Anayelitupa jina atapatikana vipi?

HATA WENYE NCHI

Tusidhani ni Weusi peke yao walioguswa. Mwaka 1879 shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, ilifunguliwa kwa watoto wa Wahindi Wekundu, ambao ndio wenyeji wa asili wa nchi ile. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa mvulana wa Lakota aitwaye Ota Kte. Alisimulia baadaye kwamba walikuta ubao umeandikwa alama wasizozijua. Kila mtoto akapewa kijiti, akaambiwa aguse mojawapo. Alama aliyoigusa ikaandikwa juu ya kitambaa cheupe na kushonwa mgongoni mwa shati lake. Hilo ndilo jina lake jipya. Ota Kte alikuwa amegusa Luther, na dunia ikamjua kama Luther Standing Bear.

Wazungu maskini waliohamia kutoka Ulaya nao wana kisa chao. Watu zaidi ya milioni 12 walipitia kituo cha Ellis Island, New York, kati ya mwaka 1892 na 1954. Utasikia ikisemwa kwamba makarani wa kituo hicho ndio waliowabadilisha majina. Si kweli. Makarani walisoma orodha zilizoandikwa huko huko bandari za Ulaya. Wengi walijibadilisha wenyewe baadaye, wakaenda hata mahakamani, kwa sababu jina la Kiyahudi au la Kitaliano liliwafungia mlango wa kazi. Mwigizaji Kirk Douglas alizaliwa Issur Danielovitch.

Na wanawake je? Lucy Stone alipoolewa mwaka 1855 alikataa kuchukua jina la mumewe. Mwaka 1879 jimbo la Massachusetts liliporuhusu wanawake kupiga kura ya kamati za shule, aliambiwa ajiandikishe kwa jina la mume. Akachagua kuikosa kura kuliko kulikosa jina.

HERUFI X

Sasa turudi kwa Muhammad Ali.

Katika mji wa Detroit, mwaka 1930, kilianza chama cha dini kilichoitwa Taifa la Uislamu. Mafundisho yake yalisema kwamba jina la ukoo la Mweusi wa Marekani ni chapa ya bwana, kama ile ya ng'ombe. Basi mfuasi alilifuta, akaweka herufi X, maana yake ni jina lisilojulikana. Malcolm Little akawa Malcolm X. Alipokwisha kuhiji Makka mwaka 1964, mwaka ule ule alioitembelea Afrika Mashariki, alijulikana pia kama El-Hajj Malik El-Shabazz. Aliuawa kwa risasi Februari 1965.

Cassius Clay alipewa jina la Muhammad Ali mwezi Machi 1964. La ajabu ni kwamba jina alilolitupa kama jina la utumwa asili yake ilikuwa ya Mzungu wa Kentucky, mtoto wa tajiri wa watumwa, aliyegeuka na kuupinga utumwa, akaanzisha gazeti la kuulaani mwaka 1845. Je, Ali alikosea? Sivyo. Jina laweza kuwa la mtu mwema na bado lisiwe lako.

KISWAHILI CHAVUKA BAHARI

Hapa ndipo habari hii inapotufikia sisi.

Mshairi LeRoi Jones alipewa jina la Kiarabu, Ameer Barakat. Yeye akaligeuza lisikike Kiswahili: Amiri Baraka. Mshairi mwingine, Don L. Lee wa Chicago, katika miaka ya 1970 akajiita Haki Madhubuti. Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo huenda akatabasamu, kwani ni kama kichwa cha hotuba. Lakini hebu lifikirie. Mtu ambaye babu zake walinyimwa haki, akitafuta jina, achague neno gani lingine?

Mwaka 1966 Maulana Karenga, ambaye alizaliwa Ronald Everett, alianzisha huko Los Angeles sikukuu ya Kwanzaa, yenye siku saba na misingi saba, yote kwa Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Katika maelezo ya Kujichagulia imetajwa wazi haki ya watu kujipa jina wenyewe. Na misingi miwili, Nia na Imani, imekuwa majina ya wasichana wengi wa Marekani.

Mtu atauliza: babu zao walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, Kiswahili kiliwahusu nini? Jibu ni kwamba aliyepotezewa kabila hawezi kuchagua lugha ya kabila moja. Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wa makabila mengi, na katika miaka ile kilikuwa sauti ya uhuru, Mwalimu Nyerere akiwa ametangaza fikira zake za ujamaa tangu mwaka 1962.

Hata jina la nchi yetu halikusazwa. Mshindi wa taji la Miss USA mwaka 1993 alikuwa Kenya Moore. Mwandishi wa vipindi vya televisheni Kenya Barris ni mwanamume. Wazazi wa watoto hao walikuwa wakiwapa bara zima kwa neno moja.

BEI YA JINA

Lakini jina la kujichagulia lina bei yake. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa uchumi, Bertrand na Mullainathan, walitangaza matokeo ya utafiti wao. Walikuwa wametuma barua za kuomba kazi zipatazo 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa za waombaji zililingana, majina ndiyo yaliyotofautiana. Barua za akina Emily na Greg zilipata majibu mema kwa asilimia 50 zaidi kuliko za akina Lakisha na Jamal. Jamal, ambaye Mombasa angeitwa barabarani na asigeuke mtu kumtazama, huko Chicago amekwisha kupoteza kazi kabla hajafungua mlango.

Wazazi wa huko hukaa na mzigo huo kila mtoto anapozaliwa. Je, wampe jina litakalompa kazi au jina litakalompa ukoo?

Kijana mmoja aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 aliubeba mzigo huo pia. Baba yake alikuwa Mkenya. Utotoni, ili asiwasumbue wenzake, aliitwa Barry. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa chuoni, alianza kuwaambia watu wamwite kwa jina lake kamili, Barack, lenye asili moja na neno letu baraka. Jina lake la ukoo lilikuwa la baba wa babu yake, mzee wa Kijaluo ambaye hakuiona Marekani. Mwaka 2008 Wamarekani walilipigia kura jina hilo, Obama, likaingia Ikulu ya Washington.

Hatuna haja ya kuwacheka Wamarekani kwa safari yao hii. Mzee aliyetuongoza kwenye uhuru alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone, akafa akiwa Jomo Kenyatta. Mwandishi aliyejulikana kama James Ngugi aliliacha la kwanza, akawa Ngugi wa Thiong'o. Na wengi wetu tungali na jina moja la shuleni na jingine la nyumbani, na tunajua ni lipi mama hulitumia akituita kwa upendo.

Terrell alikataa kulijibu swali la Ali. Phillis hakuwahi kuulizwa. Nawe msomaji, aliyekupa jina lako ukimjua, na maana yake ukiijua, una mali ambayo mamilioni ya watu waliitafuta katika madaftari, makaburini na katika magazeti wasiipate. Mweleze mwanao naye, kabla hajaulizwa na mgeni.